Chumvi ya kisima, matikiti, na yale manyunyu ya Agosti

Tangu nianze kuweka picha za shamba swali ninaloulizwa kila wiki ni moja tu, "dada hivi tikiti linavumilia maji ya chumvi?", na wanaouliza wengi ni wa huku huku kwetu pwani, Kigamboni, Mbweni, Kunduchi, mtu kachimba kisima kwa hela ndefu, maji yakaruka, watu wakashangilia, fundi akakinga kikombe wakaonja, kimya. Nawaelewa kabisa maana na mimi nilisimama hapo hapo. Jibu langu ni kwamba linavumilia kidogo, ila hilo swali peke yake halitakuokoa. La kujiuliza ni hili: hiyo chumvi ukishaimwagilia inaenda wapi? Mi nimelijua hilo kwa kupoteza matuta matatu mazima, kwa hiyo ngoja niandike yote hapa ili nikiulizwa tena nawatumia tu.

Shamba ni nusu eka Gezaulole, aliniachia marehemu baba. Udongo ni mchanga ule mweupe ukipita na kandambili inazama. Kisima nilichimba mwaka juzi, mita 38, na maji yake sio ya bahari lakini sio maji baridi pia, ukiyanywa unasikia kitu nyuma ya ulimi, chai ukipikia inakuwa na ladha yake. Jirani yangu, mzee mmoja mwenye minazi, aliyaonja akaniambia "mwanangu, haya minazi itakunywa, mchicha utakunywa, lakini hilo tikiti lako sijui". Nikamwambia baba, nitajaribu. Nikaenda Kariakoo nikanunua kile kipimo cha TDS kinachofanana na kalamu, wanakitumia sana watu wa mashine za kuchuja maji. Nikachovya, 1,500. Maji ya mvua niliyokinga kwenye simtanki yakasoma chini ya 50.

Sasa hiyo 1,500 ni nini. Ni miligramu za vitu vilivyoyeyuka kwenye lita moja, yaani gramu moja na nusu, na kwa maji ya huku kwetu kitu chenyewe kwa sehemu kubwa ni chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35, kwa hiyo ya kwangu ukiyaweka pembeni ya bahari ni kama hamna kitu. Ndo kosa la kwanza hilo, kulinganisha na bahari. Tikiti halilinganishi na bahari. Wataalamu wanapima kwa umeme unavyopita kwenye maji, kipimo kinaitwa desisiemensi kwa mita, wanaandika dS/m, na kwa makadirio ukigawa ile namba ya kalamu kwa 640 unaipata, kwa hiyo mimi nina kama 2.3. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, wana kitabu cha ubora wa maji ya umwagiliaji, toleo la 1985, mle wanasema chini ya 0.7 mwagilia bila wasiwasi, 0.7 mpaka 3 uwe na tahadhari, zaidi ya 3 una tatizo kubwa. Nipo katikati karibu na juu.

Na mazao hayafanani. Shayiri inakaa mpaka chumvi ya kwenye udongo, kwa kipimo hicho hicho cha dS/m, ifike 8 ndo inaanza kupungua mavuno, pamba 7.7, mtende 4, nyanya na tango 2.5. Meloni, ile yenye nyama ya rangi ya chungwa, inaanza kulalamika kwenye 1 tu, sawa na maharage, na kila unapopanda moja zaidi inakata kama asilimia 8.4 ya mavuno. Tikiti maji nalo wanaliweka kundi hilo hilo la mimea nyeti kiasi. Lakini angalia hapo, maharage yakishapita ile 1 yanapoteza asilimia 19 kwa kila hatua, meloni 8.4, yaani meloni inaanza kuumia mapema lakini inashuka taratibu. Hiyo ndo nafasi yetu sisi wa visima vya chumvi, inashuka taratibu, haidondoki.

Kwa nini inaumia, hili nilielewa jikoni. Ukitengeneza kachumbari unakata vitunguu unaviminyia chumvi, dakika mbili tu maji yanatoka kwenye kitunguu, chumvi imeyavuta. Sasa mzizi wa tikiti uko kwenye udongo wenye chumvi unafanyiwa vile vile, maji yapo, udongo umelowa ukishika unanata mkononi, lakini mmea hauwezi kuyavuta maana chumvi nayo inayavuta. Saa saba mchana unakuta majani yamelala kama hayajanyweshwa wiki. Mtu asiyejua anaongeza maji yale yale. Baadaye na sodiamu na kloraidi, vile vitu viwili vinavyounda chumvi, zenyewe zinaingia ndani, zinasafiri mpaka mwisho wa jani, maji yanapotea hewani zenyewe zinabaki. Ndo maana jani linaungua kuanzia pembeni, na yanaanza majani ya zamani, yale ya karibu na shina. Nililichuma moja nikaliangalia vizuri juani, katikati kijani kabisa, mishipa mizima, halafu pembeni kuna mkanda wa kahawia mwembamba kama umepitishwa kwenye moto wa mshumaa, ukiukunja unavunjika kama karatasi ya kiberiti. Ukiona ule mkanda usikimbilie dawa ya ukungu, kwanza pima maji.

Hesabu iliyoniamsha ni hii. Mche mmoja nilikuwa naupa kama lita 4 kwa siku, siku 75, hizo lita 300. Kila lita gramu moja na nusu. Gramu 450! Yaani kila shimo moja la tikiti nimelimwagia karibu nusu kilo ya chumvi kwa msimu, na nina mashimo 1,000, hiyo ni kilo 450, mifuko tisa ya kilo hamsini hamsini. Mmea unakunywa maji, jua linakunywa maji, chumvi karibu yote inabaki. Jamani mtu akija shambani kwako na kirikuu amebeba mifuko tisa ya chumvi aimwage utamfukuza, lakini tunajimwagia wenyewe tone kwa tone kwa mipira ya dripu.

Sasa dripu. Dripu kwa maji ya chumvi ni nzuri sana, nisieleweke vibaya, kuliko kumwagia kwa juu, maana majani yakilowa maji ya chumvi jua likapiga yanaungua moja kwa moja, na dripu ukiiendesha kila siku pale chini ya tundu panakuwa na unyevu muda wote na chumvi inasukumwa kwenda nje. Inaenda mpaka pale unyevu unapoishia. Asubuhi ukitembea kwenye matuta unaiona kwa macho, duara la unyevu mweusi halafu kuzunguka kuna pete nyeupe kama unga wa ngano umepukutika, nilipitisha kidole nikaonja, chumvi kali. Mizizi iko ndani ya pete, inakunywa pale penye nafuu. Mi nikawa naipenda ile pete, naona kabisa chumvi imetoka.

Ikaja usiku wa Agosti, matunda yamefika kama ngumi, ikanyesha manyunyu. Sio mvua, manyunyu tu yale ya kulowesha bati. Nikafurahi kweli, maji baridi ya bure toka juu, asubuhi nikampigia kijana wa shamba nikamwambia leo usiwashe pampu, na kesho yake pia kukawa na mawingu na manyunyu kidogo nikamwambia acha tu. Siku ya tatu jua likawaka. Siku ya nne nikafika nikakuta matuta matatu ya upande wa chini majani yote yamekunjamana, ile kahawia ya pembeni imeingia mpaka katikati, vitunda vidogo vimeanza kunywea. Nilikaa chini kwenye ndoo sikuongea. Nilidhani ugonjwa. Nikamlaumu kijana kichwani kwamba kapulizia kitu, kumbe hajagusa chochote.

Kilichotokea ni kwamba yale manyunyu yaliiyeyusha ile pete nyeupe yakairudisha ndani kwenye mizizi. Mvua kubwa ingeisukuma chini kabisa ikaenda zake, manyunyu yana nguvu ya kuiyeyusha tu, hayana nguvu ya kuishusha, na mimi ndo nilikuwa nimezima dripu, yaani nimeondoa kile kitu pekee kilichokuwa kinaisukuma nje. Mtaalamu mmoja wa udongo niliyemtumia picha alinijibu kwa sentensi moja, kwamba kwenye shamba la maji ya chumvi ikinyesha mvua ndogo ndo unawasha dripu, hauzimi. Kusikia hivyo unaona ni kinyume cha akili, nani anamwagilia wakati mvua inanyesha? Lakini ukishaielewa ile pete huwezi kusahau. Sa hivi kijana wangu akisikia tone kwenye bati hata saa nane usiku anaamka anawasha, na mimi nampigia kuhakikisha.

Kitu kingine ni kuosha. Maji unayotoa lazima yazidi kidogo yale mmea unayohitaji ili ziada ishuke chini na chumvi. Ipo hesabu yake: unachukua chumvi ya maji yako, unagawa kwa (mara tano ya chumvi unayokubali udongoni, toa chumvi ya maji). Kwangu nikitaka meloni inipe kama asilimia 90 ya mavuno udongo usizidi karibu 2.2, mara tano yake ni 11, toa 2.3 inabaki 8.7, kwa hiyo 2.3 kugawa kwa 8.7 inakuja kama 0.26, robo. Robo ya maji ninayomwagilia inatakiwa ipite tu ishuke. Nikikubali mavuno ya asilimia 80 inatosha kama 0.16. Na hapo ndo nikaupenda mchanga wetu ambao kila mtu anausema vibaya, haushiki mbolea, haushiki maji, sawa, lakini chumvi inapita kama kwenye chujio la nazi. Wenye mfinyanzi wana mtihani mwingine, sodiamu inaukaza udongo mpaka maji hayashuki, hao wanahitaji jasi kabla ya kitu chochote, ile inayochimbwa Makanya kule Same au Kilwa.

Miche ndo usiifanyie mchezo. Tikiti likiwa dogo ndo linaumia zaidi, kwa hiyo nasia kwenye treyi na kunywesha maji ya mvua tu wiki tatu nzima, nimenunua simtanki ya lita 2,000 kwa kazi hiyo peke yake, masika inajaa. Nikihamishia shambani wiki mbili za mwanzo nachanganya nusu kwa nusu, mvua na kisima, inasoma kama 770, halafu ndo nawaachia kisima. Ukiwa na maji baridi machache usiyagawe sawa sawa msimu mzima, yamalizie utotoni.

Mbolea nayo ni chumvi, wengi hawajui. Mbolea ya kuku mbichi ina chumvi ya kutosha kuongeza tatizo, iache ioze vizuri au tumia ya ng'ombe iliyokaa. Potasiamu ile ya kloraidi ndo ya bei rahisi lakini unaongeza kloraidi juu ya kloraidi, mimi nimehamia ya salfeti, bei inauma ila sijarudi nyuma. Na kalsiamu naitia sana maana sodiamu inaizuia kuingia, unaona tunda linaoza kitako, linakuwa jeusi upande wa ua na huku kwingine zima kabisa, hapo kuongeza maji peke yake hakutoshi, kalsiamu haijafika kwenye tunda.

Jambo linaloniuma zaidi, na hili sio la shambani kwangu tu, ni pampu. Mwezi Juni maji yangu 1,500, Septemba yakasoma 2,100. Sikuhama, bahari ndo imesogea. Chini ya ardhi huku pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi, na kwa makadirio kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini yake. Geuza hiyo, ukivuta maji yakashuka mita moja, chini ile chumvi inaweza kupanda mita 40. Na mimi nilikuwa navuta masaa nane mfululizo kwa sola kuanzia asubuhi, nachimbua chumvi mwenyewe. Sasa navuta masaa mawili asubuhi, napumzisha, masaa mawili jioni, naweka kwenye tenki, na nimepandisha pampu juu kutoka mita 34 mpaka 26. Imerudi mpaka 1,700. Lakini majirani wanachimba, mwaka huu peke yake nimehesabu mashine nne za kuchimba zimepita barabara yetu, kila mtu na ukuta wake na kisima chake na wote tunanyonya kwenye kikombe kimoja. Tulipokaa kikao cha mtaa nikalisema hili, kwamba angalau tupime wote tuandike namba kwenye daftari moja kila mwezi. Watu sita wamekubali. Naendelea kuwafuata wengine mmoja mmoja nyumbani kwao, maana kisima kikishaharibika hakirudi kwa kikao.

Kuhusu utamu, ndio, ni kweli. Tunda lililokua kwenye chumvi kiasi mara nyingi linakuwa dogo na tamu zaidi, kule jangwa la Negev, Israeli, wanalima nyanya na meloni kwa maji ya chini yenye chumvi na utamu ndo sifa wanayouzia. Meloni yangu ya msimu ule mama mmoja muuza matunda Temeke alikata akala akafunga macho. Halafu akaniuliza kubwa zipo? Hapo ndo shida, sokoni kwetu dalali anapanga kwa macho, kubwa, kati, ndogo, utamu hauna bei. Kwa hiyo meloni nimeacha kupeleka sokoni, nawapelekea wauza juisi na wateja wa simu wanaojua wanachotaka, wawili wa Upanga, mmoja Kijitonyama, bodaboda anavuka nazo na pantoni.

Kitu ninachotaka kujaribu msimu huu ni kubebesha, yaani kuunganisha sehemu ya juu ya mche mmoja kwenye shina na mizizi ya mwingine. Kule Japani wanabebesha tikiti kwenye mashina ya jamii ya maboga tangu miaka ya 1920, walianza kwa ajili ya ugonjwa wa udongo, baadaye ikaonekana mizizi mingi ya maboga inaishikilia sodiamu chini isipande kwenye majani. Na boga sisi tunalo, linaota hata jalalani bila mtu kulipanda. Nimekata kwa wembe miche ishirini ya mazoezi, nikaifunga na vibanio, nikaifunika na chupa za maji za lita sita zilizokatwa kitako. Imeshika saba. Mkono wangu bado, ile ya mwisho ndo imekaa vizuri kuliko ya kwanza.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye yale matuta matatu. Mwaka jana baada ya manyunyu nilichukua udongo gramu 100 pale shinani nikauweka kwenye nusu lita ya maji ya mvua, nikakoroga, nikaacha utulie, kalamu ikasoma 520. Safari hii nimechimba hapo hapo, masika imeshapita juu yake yote, Machi mpaka Mei. Mzee wa minazi alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, akauliza "inasemaje?". Nikamwonyesha, 60. Akasema basi panda mwanangu. Mbegu ziko kwenye treyi tangu jana jioni.